Elimu ya Ngamia Isiishie Mashindanoni

Tarehe 8 Aprili 2009, huko Dubai, alizaliwa ngamia jike akapewa jina la Injaz, neno la Kiarabu lenye maana ya mafanikio. Huyo ndiye ngamia wa kwanza duniani kupatikana kwa njia ya kunakiliwa, na miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo ni Dokta Nisar Ahmad Wani, mtaalamu wa uzazi wa wanyama kutoka Kashmir.

Nimewasikia watu barazani wakinong'ona, "Wazungu na Waarabu sasa wameanza kuumba." La hasha! Na tuitazame kazi yenyewe. Seli zilitolewa katika mfuko wa mayai wa ngamia aliyechinjwa kwa ajili ya nyama mwaka 2005, zikakuzwa na kuhifadhiwa katika baridi kali. Kisha likatwaliwa yai la ngamia mwingine, likatolewa kiini chake chenye urithi, na mahali pake ikatiwa seli ile. Mimba ilipotunga ikapandikizwa katika tumbo la ngamia wa tatu, aliyeibeba kwa siku 378. Seli ilikuwa hai tangu hapo, yai nalo hai, na tumbo ni lile lile aliloliweka Mola. Mtaalamu hakuumba hata unywele mmoja.

Sisi tulioisoma Sura ya Al-Ghashiya chuoni twajua kuwa ngamia ametajwa humo kuwa ishara ya kutafakariwa. Nao wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jeddah, walipokutana mwaka 1997, walikataza kumnakili binadamu, lakini kwa wanyama na mimea waliruhusu, madhali sheria inachungwa na maslahi yanapatikana.

Maslahi! Hapo ndipo penye hoja yangu. Katika nchi za Ghuba, wateja wa elimu hii ni matajiri watakao nakala za ngamia washindi wa mbio na wa mashindano ya urembo. Mwenye mali na atumie mali yake. Lakini naonelea elimu iliyogharimu miaka mingi ya maisha ya mtu haifai kuishia kuwa pambo la uwanjani.

Dokta Wani mwenyewe ametuonyesha njia nyingine. Mwaka 2017, yeye na wenzake walitangaza kuzaliwa kwa ngamia wa nundu mbili aliyebebwa na ngamia wa nundu moja. Ndama yule aliishi siku saba tu, akafa kwa maradhi. Hata hivyo, jaribio lile lilikusudiwa kuwaokoa ngamia mwitu wa Uchina na Mongolia, ambao hawafiki hata elfu moja. Hayo ndiyo maslahi.

Na sisi je? Warendille, Wagabra na Wasomali wa kaskazini mwa Kenya humtegemea ngamia kwa maziwa ukame unapomaliza ng'ombe. Wao hawahitaji nakala, kwani kundi lenye urithi mmoja laweza kuangamizwa na ugonjwa mmoja. Wanahitaji mtu wa kuchunguza ni ngamia gani astahimiliye maradhi, na yupi akamwikaye maziwa mengi katika kiangazi, na kwa sababu gani.

Vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda Ghuba kutafuta kazi. Wazazi na wafadhili, tuwapeleke wengine wakasome elimu hii, kisha warudi nayo. Mtumai cha nduguye hufa maskini.