Fedha za Mtoto Zisikwame Njiani

Toleo hili tumelitenga kwa muziki unaopigwa kwa ajili ya watoto wenye shida, na tunaanza na albamu ambayo kila mwanamuziki anayefikiria kazi ya aina hiyo angepaswa kuisikiliza na kuijua historia yake: The Concert for Bangladesh ya George Harrison.

Mwaka 1971 Ravi Shankar, bingwa wa sitar mwenye asili ya Bengali, alimwendea rafiki yake Harrison akiwa na majonzi. Kimbunga cha Novemba 1970 kilikuwa kimeua mamia ya maelfu ya watu Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, kisha Machi vita vikazuka, na mamilioni wakakimbilia India. Harrison akaanza kuwapigia simu wenzake. Tarehe 1 Agosti ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ulijaa mara mbili, mchana na usiku. Bob Dylan, Eric Clapton na Ringo Starr walipanda jukwaani bila malipo.

Sikiliza upande wa kwanza wa albamu iliyotokana na tamasha hilo. Shankar na Ali Akbar Khan wanalinganisha sauti za ala zao, wanatua, na ukumbi mzima unapiga makofi. Shankar anawashukuru kwa upole, anasema anatumaini wataufurahia zaidi muziki wenyewe. Nashukuru kwamba makofi yale hayakufutwa. Vijana waliofuata roki wanasikika wakikutana, pengine kwa mara ya kwanza, na muziki wa watu waliokuja kuwachangia.

Viingilio vilileta dola 243,418.50, na hundi ikatolewa kwa UNICEF mwezi uleule. Mamilioni yalitokana na albamu ya santuri 3, iliyotoka Desemba na baadaye kutwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Hayo ndiyo yaliyokwama. Tamasha halikuwa limesajiliwa mapema kama shughuli ya hisani, hivyo mamlaka ya kodi ya Marekani ikazishikilia fedha kwa miaka. Uingereza nayo ilikataa kusamehe kodi ya ununuzi, Harrison akailipa kwa hundi yake binafsi. Na kwenye jalada la awali yuko mtoto aliyekonda kwa njaa, ameketi, na mbele yake kuna chombo kitupu. Mnunuzi alitoa fedha akimtazama mtoto huyo.

Harrison simlaumu. Alikuwa na wiki chache tu, na njia hiyo ilikuwa haijapitwa na mtu kwa kiwango kile. Wa leo hana udhuru. Anayetangaza albamu ya kuwasaidia watoto atuambie kabla ya kuuza tiketi ya kwanza: mfuko umesajiliwa wapi, kampuni ya muziki inabaki na kiasi gani, nani atakagua hesabu, na fedha zitafika lini.

Mwaka 2005 familia ya Harrison, kwa kushirikiana na UNICEF, ilianzisha mfuko wenye jina lake, na mapato ya albamu hiyo yakaelekezwa huko.