Rangi za Majeshi Madogo

Wako watu wasemao kwamba askari wa mti, mrefu kama kidole, hana haja ya rangi ya kweli. Mradi ang'ae, na upande mmoja utambulikane na wa pili, mchezo umekamilika. Mimi nasema huo ni uvivu uliovikwa joho la hekima, nami nitakueleza, ewe msomaji kijana, kwa nini.

Maofisa wa Prussia, tangu mwaka 1824, walijifunza vita kwa vipande vyekundu na vya buluu juu ya ramani. Vipande vile havikuwa na uso, basi havikuweza kumsingizia mtu. Mwaka 1913 H. G. Wells alitoa kitabu chake *Little Wars*, na mchezo ukashuka sakafuni pamoja na askari wa madini ya risasi wenye nyuso, kofia na makoti. Tangu hapo kila apakaye rangi ameshika kalamu ya historia, apende asipende.

Mwaka uo huo wa 1913, katika nchi yetu ya Wagiriama, Mekatilili wa Menza alikuwa akiwahimiza watu wasitoe vijana wao wakafanye kazi kwa Wazungu. Alikamatwa mwezi wa Oktoba, akahamishwa mbali na pwani. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na mapigano yakazuka.

Vita hivyo mwaweza kuviunda juu ya meza hapa Vitengeni. Lakini tazama namna wengi wanavyoanza: upande mmoja nyuso nyeupe zote, upande wa pili nyuso nyeusi na majani viunoni. Huo ni uongo mara mbili. Wagiriama hawakuvaa majani; walivaa nguo, shuka na kaniki, na wanawake hando zao. Na marekani si nyeupe kama chokaa. Ina umanjano wa jino la mzee. Ama askari wa King's African Rifles, maofisa wao walikuwa Waingereza, lakini waliobeba bunduki walikuwa Waafrika kama mimi na wewe. Basi pakeni nyuso nyeusi pande zote mbili, na nyeupe chache tu.

Hapo hutokea mtu akanung'unika: kwa nini kuwaonyesha watoto aibu hiyo? Namjibu kwamba aibu haifutwi kwa burashi. Mwanafunzi aliyezoea nyuso nyeupe mezani ataamini kwamba dola ile ilitawala kwa mikono yake peke yake, wala hatauliza askari wale walitoka wapi, waliandikishwa kwa mshahara gani, na kwa nini walitii. Maswali hayo ndiyo somo lenyewe. Bila hayo tumecheza karata tu.

Vilevile acheni rangi ya mafuta ing'aayo. Vita having'ai. Wafaransa walikwenda vitani mwaka 1914 na suruali nyekundu, wakapata hasara kubwa kabla ya kuziacha. Kaki ilibuniwa ili ifanane na vumbi. Kuipaka vanishi ni kuitukana.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mwili mdogo haukamati kivuli kama mwili wa mtu, kwa hiyo kivuli hatuna budi kukipaka. Anza kwa chokaa nyepesi yenye gundi, ikauke. Weka rangi zako nyembamba, mara mbili badala ya nene mara moja. Kisha koroga masizi katika maji mengi, uyamwage juu ya mikunjo ya nguo, ufute yaliyobaki juu. Weusi utakaa mabondeni. Mwisho chovya burashi katika rangi iliyopauka, uipanguse karibu ikauke, uipitishe kwa wepesi juu ya mabega na magoti. Wachongaji wetu wa vigango walijua siri hii zamani: pembetatu zilizochimbwa katika mti, zikatiwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, husomeka kwa mbali. Jifunzeni kwao, lakini msichonge kigango kwa mchezo. Kigango ni cha marehemu, si mwanasesere.

Na miguu? Askari wale hawakupewa viatu, wala wapinzani wao hawakuwa navyo. Chota vumbi la njia ipitayo mbele ya shule, ulichanganye na gundi, uwapake nyayo wote, wa pande zote mbili.