Kura Mia Tatu na Sabini

Mwanzoni mwa Desemba mwaka 50 K.K., Seneti ya Roma iliketi kuamua jambo ambalo mji mzima ulikuwa ukilizungumza kwa hofu. Julius Caesar alikuwa kaskazini na jeshi lililopigana chini yake huko Galia kwa karibu miaka tisa. Gnaeus Pompeius alikuwa nje kidogo ya mji, kwa kuwa mwenye amri ya jeshi hakuruhusiwa kuvuka mpaka mtakatifu wa Roma bila kuipoteza amri hiyo, na majeshi yake yalikuwa Hispania. Konsuli Gaius Marcellus, hasimu wa Caesar, aliuliza maswali mawili, moja baada ya jingine. Je, Caesar apelekewe mtu wa kumrithi? Wengi wakakubali. Je, Pompeius avuliwe amri? Wengi wakakataa. Hapo akasimama Gaius Curio, tribuni, yaani mmoja wa waliochaguliwa kuwakinga raia wa kawaida dhidi ya wakubwa, akataka swali liulizwe upya: je, wote wawili waweke silaha chini kwa wakati mmoja?

Kura ya namna hiyo haikupigwa kwa kunyoosha mkono. Seneta aliinuka kitini, akatembea hadi upande anaouunga mkono, huku wenzake wote wakimtazama. Siku ile 22 walikwenda upande mmoja na 370 upande wa pili. Marcellus akafunga kikao kwa hasira. Curio alipotoka nje, watu walimpokea kwa makofi na kumrushia maua.

Wiki sita hivi baadaye, Caesar alikuwa amekwisha kuvuka Mto Rubicon, mpaka wa eneo la amri yake, na vita vimeanza.

Toleo hili tumelijenga juu ya wiki hizo sita na yaliyozizaa. Wasomaji wa Kiswahili wengi wameijua habari hii kupitia tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni kazi tunayoienzi. Lakini tamthilia hiyo inaanza mwaka 44 K.K., Pompeius akiwa amekwisha kufa na Caesar hana mpinzani. Anayeanzia hapo atadhani kwamba suala lilikuwa tamaa ya mtu mmoja na majambia ya wachache. Sisi tunauliza swali la kabla ya hapo: watu 370 walitaka amani, na waliisema kwa miguu yao. Mbona haikupatikana?

Jibu la haraka ni kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Silikubali. Roma ilikuwa imewafuga mafahali kwa zaidi ya miaka 400, na zizi lenyewe lilijengwa kwa ajili yao. Kila mwaka walichaguliwa makonsuli wawili, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Tribuni aliweza kusimamisha shughuli yoyote kwa kura ya turufu. Ushindani wa wakubwa ulikuwa ndio pumzi ya mfumo ule. Walishindana kwa hotuba, kwa mashtaka mahakamani, kwa fedha za uchaguzi. Kilichobadilika ni kwamba askari waliingizwa katika ugomvi ule.

Mwaka 88 K.K., jemadari Sulla alinyang'anywa amri ya vita vya mashariki ikapewa jemadari mwenzake, Marius. Maofisa waliotumwa kulichukua jeshi lake walipigwa mawe na askari hadi wakafa. Sulla akaligeuza jeshi kuelekea Roma. Maofisa wake wakuu walimkimbia, akabaki mmoja tu. Askari wa kawaida hawakuondoka. Hilo ndilo la kutazamwa kwa makini: maofisa waliona aibu ya kuushambulia mji wao, askari waliona mkate wao. Dola haikuwa na kiinua mgongo cha kumpa mtu aliyetumika kwa miaka mingi. Akirudi kwao bila shamba, tegemeo lake lilikuwa jemadari wake, kwamba atapata sheria ya kumgawia ardhi. Ukimpokonya jemadari amri, umempokonya na askari shamba ambalo bado hajalipata.

Kuna mtu aliyewahi kuiamini Seneti katika jambo hili, naye ni Pompeius. Mwishoni mwa mwaka 62 K.K. alitua katika bandari ya Brundisium akitoka mashariki na ushindi ambao Roma haikuwa imeuona kwa kizazi kizima. Wengi walingoja kumwona akifanya kama Sulla. Yeye akawaruhusu askari wake kwenda makwao, akaenda Roma kama raia, akaomba mambo mawili: mipango yake ya mashariki iidhinishwe, na askari wake wapewe ardhi. Wakubwa wa Seneti, Cato akiwa mstari wa mbele, walimzungusha zaidi ya mwaka mzima. Walijiona wanailinda Jamhuri dhidi ya mtu mmoja aliyekuwa mkubwa mno. Pompeius akaungana na seneta Crassus na Caesar, na mwaka 59 K.K. Caesar akiwa konsuli, ardhi ikapatikana kwa nguvu na vurugu.

Ninaliona kosa hilo kuwa zito kuliko kuvuka Rubicon. Seneti ilimfundisha kila jemadari kwamba anayeweka silaha chini huondoka mikono mitupu. Miaka kama kumi na miwili baadaye, wale 370 walikuwa wakimwomba Pompeius arudie tendo ambalo lilikuwa limemletea fedheha, na wakimwomba Caesar amtangulie au amfuate huku Cato akiwa ameapa kumfikisha mahakamani pindi atakapokosa cheo cha kumkinga. Nia yao ilikuwa njema, na nawaheshimu kwa kuvuka ukumbi ule hadharani. Ila hapakuwa na mtu wa kuitekeleza kura yao. Marcellus alitoka mjini, akamwendea Pompeius, akamkabidhi upanga na kumwagiza ailinde nchi. Hakuwa na azimio la Seneti. Maseneta 370 walikuwa wamerudi majumbani.

Makala zinazofuata hazikubaliani juu ya nani wa kulaumiwa zaidi, nasi hatukutaka zikubaliane. Kuna atakayemtetea Cato kuliko nilivyofanya hapa.

Curio mwenyewe, muda wake wa utribuni ulipokwisha, alikwenda upande wa Caesar, ambaye inasemekana alikuwa amekwisha kumlipia madeni yake. Agosti mwaka 49 K.K. alikuwa Afrika, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, akiongoza lejioni mbili za Caesar. Zilizingirwa karibu na Mto Bagradas. Mkuu wa wapanda farasi wake alimsihi akimbie ajiokoe. Alijibu kwamba hawezi kurudi mbele ya Caesar baada ya kupoteza jeshi alilokabidhiwa, akapigana hadi akauawa. Kichwa chake kilipelekwa kwa Mfalme Juba wa Numidia, rafiki wa Pompeius.