UWANJA WA VIJANA, SI SAKAFU YA KARAFUU

Baadhi yetu wasema vijana wachezee mpira wa wavu kwenye sakafu yetu ya kuanikia, kwani msimu ukisha hukaa bure. Sisi twapinga. Karafuu ni kitu cha kuliwa. Haifai kuanikwa palipokanyagwa kwa viatu.

Lakini kuwakataza tu si haki. Wao ndio wanaokwea mikarafuu kutuchumia. Basi na tuwajengee uwanja wao nyuma ya ghala: mita 18 kwa 9, na nafasi ya mita 3 kila upande.

Tusirudie kosa tulilofanya kwenye sakafu ile. Tuliimwaga bapa kama meza; maji ya masika yakatuama, ikaota kuvu, na kijana wetu mmoja akateleza akavunjika mkono. Uwanja uinamishwe upande mmoja, sentimita 1 kwa kila mita. Mchanga wa pwani usitumike, chumvi yake hula nondo. Zege imwagwe asubuhi wakati wa kipupwe, kisha inyweshwe maji siku 7; jua likiikausha mbio hupasuka.

Gharama ipo, hatukatai. Lakini vijana wakivunjika mikono, nani atakwea mikarafuu? Mkutano ujao tuamue.