Magari ya Fahari Yamefika, Elimu ya Kuyatengeneza Imebaki Ng'ambo

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huo ulikusudiwa wazazi, lakini yeyote apitaye siku hizi barabara itokayo Gede kuelekea Watamu atakubaliana nami kwamba unawafaa wenye magari vile vile. Chini ya miarobaini na mikwaju, karibu na gereji za wazi, hukosi kuliona gari lililokuwa fahari ya mwenyewe, sasa limefunikwa turubai, magurudumu yamezama mchangani, na kuku wametaga chini yake.

Moja la magari hayo ni la mwalimu mstaafu ninayemfahamu. Baada ya kushika chaki kwa zaidi ya miaka 30, alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua gari kubwa la Ulaya lililokwisha kutumiwa Japani, kwa nia ya kuwachukua watalii kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi hotelini. Hesabu yake haikuwa ya kipumbavu. Mgeni anayekuja kupumzika hulipa zaidi akipandishwa gari lenye kiyoyozi na viti vya ngozi, na kwa miezi saba gari lilimlipa mwenyewe. Mwezi wa nane taa ya manjano iliwaka mbele ya dereva. Kesho yake asubuhi gari lilikutwa limeinamia nyuma, mfano wa ngamia aliyepigishwa magoti.

Gari la aina hiyo halisimami juu ya springi za chuma. Linabebwa na mifuko ya hewa inayojazwa na pampu, na pampu hiyo huamrishwa na kompyuta. Fundi wa jirani alilizunguka mara mbili, akajifuta mikono kwa tambara, akasema: "Mwalimu, gari hili lasema, lakini mimi sijui lugha yake." Hata hivyo alijaribu. Akabadilisha mfuko mmoja, kisha pampu, vyote vya mitumba kutoka Mombasa, na gari halikunyanyuka. Mwishowe lilipakiwa juu ya lori likapelekwa kwa wakala wa mtengenezaji. Huko mwalimu alipewa makadirio ya mifuko yote minne, pampu mpya na kompyuta mpya, jumla yake ikikaribia nusu ya bei aliyonunulia gari zima. Alilipa ada ya ukaguzi, akaomba gari lake lirudishwe Watamu.

Sikukileta kisa hiki ili kumcheka mwalimu, wala kumshitaki fundi au wakala. Nimekileta kwa sababu kinatuonyesha jambo ambalo taifa letu halijalitafakari ipasavyo: tumefungua mlango wa kuingiza vyombo vya kisasa, lakini hatukufungua mlango wa elimu inayoviendesha. Bidhaa imevuka bahari. Maarifa yake yamebaki ng'ambo.

Tuangalie kwanza magari haya yanatufikia kwa njia gani. Nchini Japani kila gari dogo hukaguliwa na serikali miaka mitatu baada ya kusajiliwa, na baada ya hapo kila miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wenye magari wengi waone nafuu kuyauza kuliko kuendelea nayo. Yanapelekwa mnadani, yanapakiwa melini, na baada ya majuma kadhaa yanashushwa bandarini Kilindini. Sheria yetu inataka gari liwe na usukani upande wa kulia na lisiwe limepita miaka 8, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutaka likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Huo ni utaratibu mwema, kwa kuwa bila ya huo nchi ingegeuzwa jaa la vyuma vikuukuu. Lakini mkaguzi huuliza kama gari linafaa kuendeshwa leo. Haulizi nani atalitengeneza kesho, wala wapi.

Zamani swali hilo halikuwa na uzito. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wenye magari ya fahari walikuwa wachache kiasi cha kubandikwa jina la kabila lao wenyewe, "Wabenzi". Mtu wa tabaka hilo hakulala macho akiwaza vipuri, kwani gari lilinunuliwa jipya, mara nyingi kwa fedha za ofisi, likatunzwa na wakala au gereji ya serikali. Soko la mitumba limeubomoa ukuta huo. Leo mwalimu, muuguzi au mwenye duka la samaki anaweza kumiliki gari ambalo miaka minane iliyopita lilimbeba mkurugenzi wa kampuni mjini Osaka. Hilo ni jambo la kufurahia. Kosa letu ni kudhani kwamba bei ikishuka, gharama ya kulea nayo hushuka.

Hapa ndipo mtego ulipo, na ningependa wanafunzi wa uchumi na hesabu za biashara waupime vizuri. Gari linapozeeka thamani yake hupungua kila mwaka, lakini bei ya kipuri chake kipya haipungui kwa kadiri hiyo. Anayenunua gari la fahari kwa robo ya bei yake ya awali amepunguziwa bei ya kulinunua tu. Pampu, sensa na giaboksi bado zinauzwa kwa kipimo cha yule tajiri wa kwanza. Aidha, gari hufika mikononi mwetu katika umri ule ule ambapo mipira huanza kupasuka na viungo vya waya kulegea. Kwa maneno mengine, wa kwanza ameila minofu, na wa pili ameachiwa mifupa pamoja na deni la mchinjaji.

Sasa tumsikilize wakala, kwani haki haitendeki kwa kusikiliza upande mmoja. Wakala atasema, na atakuwa na hoja, kwamba gari hilo hakuliuza yeye. Liliundwa kwa ajili ya soko la Japani. Redio yake hunasa masafa ya kule, maandishi ya ramani yake ni ya Kijapani, na baadhi ya vipuri vyake vinatofautiana na vya magari anayoyauza yeye. Ametumia fedha nyingi kununua mitambo na kuwafunza mafundi, na huku pwani wenye magari hayo ni wachache mno kumfanya aweke ghala kila mji. Tena fundi wake hulazimika kuidhamini kazi yake, kwa hiyo humwia salama zaidi kubadilisha mtambo mzima kuliko kufungua kimoja kimoja akitafuta kasoro. Hoja hizi ni za kweli. Lakini zikikubaliwa zote bila ya masharti, maana yake ni kwamba mtu wa Watamu, aliye umbali wa takriban kilomita 600 kutoka Nairobi, hana pa kwenda.

Upande wa pili yuko fundi wa jua kali. Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake mashuhuri ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, wataalamu hawajachoka kuisifu sekta hii, na sifa hizo inazistahiki. Fundi huyu ameyaweka barabarani malori na matatu ambazo kwingineko zingekuwa zimeyeyushwa zamani. Lakini tuseme ukweli: mbele ya gari lenye kompyuta nyingi, mara nyingi anabahatisha. Anabadilisha hiki, akishindwa anabadilisha kile, na kila bahatisho hulipwa na mwenye gari. Je, ni mjinga? La. Amenyimwa kitabu, kisha akalaumiwa kwa kutojua kusoma.

Na kitabu kipo. Magari yanayouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yanalazimika kuwa na tundu la aina moja ambalo fundi yeyote huchomeka kifaa chake akasoma namba za hitilafu, na Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli miaka michache baadaye. Ila tundu hilo hueleza zaidi habari za injini na moshi. Habari za mifuko ya hewa, breki na milango mara nyingi huhitaji programu ya mtengenezaji mwenyewe. Zaidi ya hayo, baadhi ya vipuri, hata vikiwa halali na vipya, havifanyi kazi mpaka "vitambulishwe" kwa gari kupitia mtambo wa wakala. Hivyo mtu anaweza kununua gari kwa jasho lake, akalisajili kwa jina lake, na bado akawa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wenzetu wameliona tatizo hili. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwataka watengenezaji wazipe gereji huru habari zile zile wanazowapa mawakala wao. Nchini Afrika Kusini, mwongozo wa Tume ya Ushindani ulioanza kutumika Julai 1, 2021 unataka mwenye gari awe huru kuchagua fundi, na mafundi huru wauziwe habari za kiufundi kwa masharti ya haki. Nasi hatuko uchi kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ilipitishwa mwaka 2012. Kilichobaki ni mtu wa kuyatoa maneno hayo kwenye karatasi na kuyapeleka hadi gereji.

Sasa nirudi Watamu, kwani kisa cha mwalimu kilikuwa na mwisho wake. Baada ya gari kulala miezi mitano, kijana mmoja fundi wa umeme wa magari kutoka Malindi, mwenye kompyuta ya mkononi iliyochakaa na programu aliyoinunua kwa kuchangiana na wenzake, alilichomeka waya, akasoma, kisha akaingia chini ya gari. Alitoka na kipande cha waya mkononi. Kiungo cha sensa inayopima urefu wa gari upande wa nyuma kilikuwa kimeliwa na chumvi ya upepo wa bahari, kikageuka unga wa kijani. Aliukata, akaunga mwingine, na gari likanyanyuka. Ni kazi ya alasiri moja. Lakini wakati huo fedha za pampu, lori na ukaguzi zilikuwa zimekwisha kwenda, na hoteli ilikuwa imekwisha kumpa kazi mtu mwingine. Mwalimu aliliuza gari kwa hasara mwezi uliofuata.

Tazama basi, msomaji wangu, jinsi kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole kilivyoimeza akiba ya mtu. Na chumvi hiyo si ngeni kwetu. Mababu wa pwani hii waliijua, wakaishi nayo. Chombo kilipandishwa mchangani, kikatiwa kalafati kwa pamba, kikapakwa shahamu chini, na kila kiungo chake, tangu mkuku na mataruma hadi foromali, kilikuwa na jina ambalo mtoto wa fundi alilijua kabla ya kubaleghe. Elimu ya chombo ilikaa pale pale kilipokaa chombo. Ndiyo maana hakuna jahazi lililongoja fundi kutoka ng'ambo.

Tufanye nini basi? Kwanza, Katiba iliziachia serikali za kaunti mzigo wa vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti ya Kilifi, yenye hoteli, watalii na magari yao, haina udhuru wa kuendelea kumfunza kijana injini ya zamani peke yake. Kila chuo kiwe na kifaa cha kusoma kompyuta za magari na mwalimu ajuaye kukitumia, na mitihani ya ufundi ipime kusoma mchoro wa nyaya kama inavyopima kufunga boliti. Pili, wizara inayohusika na Mamlaka ya Ushindani iwatake watengenezaji wauze habari zao kwa mafundi huru waliosajiliwa, kwa bei ya haki, huku siri za kuzuia wizi zikilindwa. Tatu, anayeleta magari ya mitumba alazimishwe kumkabidhi mnunuzi kumbukumbu za matengenezo zilizotafsiriwa, badala ya karatasi ya mnada ambayo hakuna anayeweza kuisoma.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu na wanafunzi. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, tuliahidiwa kwamba mtoto atatoka shuleni akiwa na ujuzi mikononi. Ahadi hiyo ilififia kwa sababu tuliyageuza masomo ya ufundi kuwa makimbilio ya walioshindwa. Kijana aliyesoma fizikia vizuri, anayeweza kufuata mchoro na kupima mkondo wa umeme, ndiye anayehitajika chini ya gari lile, na kesho atahitajika zaidi, kwani magari ya umeme yameanza kuingia nchini na hayana hata kabureta ya kubahatishia. Na kabla mwananchi hajavutiwa na viti vya ngozi, na aulize swali moja ambalo mkaguzi hakuliuza: siku taa ya manjano itakapowaka, ni nani hapa jirani anayeijua lugha yake?