Watunzaji nao wahesabiwe

Muhula uliopita nilimkemea mwanafunzi wangu mmoja mbele ya wenzake, na hadi leo naijutia kauli yangu. Ni kijana anayetumia kiti cha magurudumu. Kila Jumatatu alikuwa akichelewa somo la mofolojia linaloanza saa mbili asubuhi, nami, kwa kiburi cha mwalimu aliyezoea kuitii saa, nikamwambia kwamba sarufi haimngojei mtu. Hakujibu. Baadaye alinijia afisini akanieleza kuwa mikono yake haina nguvu za kufunga vifungo wala za kumwondoa kitandani. Mtu aliyekuwa akimsaidia, kwa malipo yaliyochangwa na jamaa zake, alikuwa ameondoka. Sasa humtegemea jirani yake wa bweni ambaye, siku ya Jumatatu, ana somo la saa moja. Jirani akishakwenda darasani, huyu hubaki kitandani hadi apatikane mtu mwingine wa kumwinua.

Nilimwuliza huyo msaidizi wa awali alikwenda wapi. Akasema, "Uingereza, mwalimu, tangu mwaka 2023. Anawatunza wazee."

Jibu hilo limenisumbua kwa sababu Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuiandika katika sheria haki ileile anayoitafuta kijana huyu. Sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu serikali za mitaa kumpa mtu mwenye ulemavu fedha taslimu ili amwajiri msaidizi amtakaye, badala ya kuletewa yeyote aliyechaguliwa na afisi. Scotland ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Aprili 2014, inampa mhitaji njia nne: apokee fedha na kuajiri mwenyewe, aamue atakavyo huku fedha zikishikwa na wengine kwa niaba yake, aiachie serikali ya mtaa impangie, au achanganye njia hizo. Fikra iliyo nyuma ya sheria hizi ni nyepesi kuieleza. Asiyeweza kufunga vifungo vyake bado anaweza kuamua ni nani amfungie, na saa ngapi.

Wanafunzi wangefurahi kujua kuwa mmojawapo wa waasisi wa fikra hiyo alikuwa mwanafunzi. Ed Roberts, aliyepoozwa na polio, aliingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley mwaka 1962, akapewa makao katika hospitali ya chuo kwa kuwa hapakuwa na bweni la kumfaa. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua kituo cha kuwawezesha watu wenye ulemavu kuishi kwa kujitegemea, wakisaidiwa na watu waliowachagua wenyewe.

Lakini haki ya kuchagua yahitaji watu wa kuchaguliwa, na hapo ndipo Scotland ilipokwama. Wakaguzi wa hesabu za umma wa nchi hiyo walieleza mwaka 2017 kwamba si kila mhitaji alikuwa amepata uhuru ulioahidiwa, na upungufu wa wafanyakazi ulikuwa mojawapo ya sababu. Mtu anayeishi katika kisiwa cha mbali aweza kuidhinishiwa fedha zote astahilizo na asimpate wa kumwajiri. Uingereza ilipojitenga na Umoja wa Ulaya, njia rahisi ya kuwapata wafanyakazi kutoka bara hilo ikakatika. Mwezi Februari 2022 mlango ukafunguliwa kwa watunzaji kutoka ng'ambo. Machi 2024 wakazuiwa kuja na wake, waume na watoto wao. Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wanaotafuta kuajiriwa upya kutoka nje. Tena, ilhali utunzaji ni jukumu la serikali ya Scotland, anayefungua na kufunga mlango huo ni serikali ya London. Sijui kama huko ni kupanga au ni kubahatisha. Nijualo ni kwamba katika kipindi kile kifupi ambapo mlango ulikuwa wazi, mikono iliyomvisha shati mwanafunzi wangu ilipita humo. Simlaumu hata kidogo aliyeondoka. Alifuata ujira, kama vile nami ningefanya.

Na sisi je? Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinamwahidi mzee utunzaji na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70 na kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa hiyo fedha taslimu mkononi mwa mhitaji si jambo geni kwetu. Ila Sh2,000 hazimwajiri mtu wa kuja kila alfajiri; ni za unga na sabuni. Anayefanya kazi yenyewe ni mama, dada, binti aliyekatiza masomo, au, katika shule nyingi za bweni, mwanafunzi mwenzake. Walimu mnaonisoma mnawajua watoto hao. Huamka kabla ya kengele ili wamwogeshe mwenzao, kisha hukaa darasani wakisinzia, nasi twawaandikia katika ripoti kuwa hawana bidii.

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mjadala wetu kuhusu wafanyakazi wa afya umekuwa wa madaktari na wauguzi. Madaktari waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017; wauguzi wakafuata mwaka huohuo kwa miezi mitano; na mwaka 2024 madaktari wakarejea barabarani kwa siku 56, wakidai pamoja na mengine kwamba wanagenzi wapewe kazi na malipo waliyoahidiwa. Madai hayo yalikuwa ya haki. Mwaka 2023 wakaongezwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya Serikali Kuu na kaunti. Hao hupita nyumba kwa nyumba, hupima shinikizo la damu na sukari, na kuwaelekeza wagonjwa zahanati. Kumwinua mtu kitandani kila siku saa kumi na moja alfajiri si kazi yao, wala hawawezi kuiongeza juu ya nyumba walizokwisha kupewa.

Niruhusiwe sasa kusema machache ya taaluma yangu. Kitenzi 'uguza' kimetokana na 'ugua' kwa kiambishi cha utendeshi. Kwa umbo tungetarajia kimaanishe kumfanya mtu augue, lakini wazee wetu walikitumia kwa maana ya kukaa na mgonjwa katika kuugua kwake. Ni kitenzi cha nyumbani. Nomino yake, 'muuguzi', imehamia hospitalini, ikapata sare, cheti na chama. Aliyebaki nyumbani akaachwa bila jina la kazi. Tukimwita 'mlezi' twamgeuza mtu mzima anayesaidiwa kuwa mtoto. Tukimwita 'mhudumu', wengi hudhani ni wa hotelini. 'Yaya' na 'mfanyakazi wa nyumbani' wana kazi zao nyingine. Mimi napendelea 'mtunzaji', japo nakiri kwamba neno hilo pia hutumika kwa bustani na maktaba.

Huo si ubishi wa msamiati tu. Afisa wa kaunti anapoketi kuandaa orodha ya wafanyakazi wanaohitajika, huandika majina ya kazi, na kazi isiyo na jina haipati mstari katika orodha, wala fungu katika bajeti. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa sahihi Mei 2025. Kabla ya kaunti kudai kuwa zinaitekeleza, naziomba ziulize maswali ya kawaida kabisa: ni watu wangapi katika kila wadi wanaohitaji kuinuliwa, kuogeshwa na kulishwa, ni nani anayewafanyia hayo leo, na analipwa nini. Vyuo vya ufundi vinavyofunza watunzaji wa kupelekwa ng'ambo navyo viulizwe ni wangapi kati yao wanaobaki nchini, na kwa ujira upi wengine wangekubali kubaki. Scotland ilianza na haki ndipo ikatafuta watu. Sisi, ambao bado hatujaiandika haki hiyo kwa ukamilifu, tunao wasaa wa kuanza na watu.

Idara yetu imekubali kulisogeza somo langu hadi saa nne, na kijana sasa hufika kwa wakati. Msaidizi bado hajampata. Jirani yake wa bweni anahitimu mwaka huu.