BARABARA YA UTENDE NI YA WOTE

Barabara ya lami itokayo Kilindoni hadi Utende ni mshipa wa uhai wa kisiwa chetu. Ndiyo imfikishayo mgeni kwenye Hifadhi ya Bahari, na ndiyo wapitiayo mvuvi, mkulima wa minazi, mwanafunzi na msafiri wa Chole. Wengi wa hao hawana gari. Chombo chao ni baiskeli.

Hata hivyo, pembeni mwa barabara hiyo, ambapo ndipo kimbilio la mwenye baiskeli, pamegeuzwa maegesho ya magari, bajaji na pikipiki kila penye maduka na abiria. Mwenye baiskeli aliyebeba tenga la samaki akikuta gari limesimama, hana budi kuingia katikati ya barabara, na huku lori linamjia kwa nyuma. Ajali itokayo hapo haiwezi kuitwa kudra. Imetayarishwa na mikono yetu wenyewe.

Sisi tunasema: maegesho hayo yaondolewe katika sehemu zenye msongamano, na nafasi yake iwe njia ya baiskeli iliyokingwa kwa ukuta mfupi wa zege. Mstari wa rangi hautoshi, kwani rangi haimzuii dereva mwenye haraka.

Jambo hili si ndoto. Mjini Nairobi, mwaka 2020, maegesho katika barabara za Wabera na Muindi Mbingu yaliondolewa ili kuwapa nafasi waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Dar es Salaam nayo ilijenga njia za baiskeli sambamba na zile za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza huduma mwaka 2016. Lakini humo pikipiki hupita na bidhaa hupangwa. Funzo ni wazi: kujenga bila kusimamia ni kazi bure.

Wapo watakaosema kwamba magari ya Mafia bado ni machache. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapo pia wenye maduka na vijana wa bodaboda wanaohofia riziki zao. Hofu hiyo ni ya haki. Halmashauri ya Wilaya iwatengee vituo nje ya barabara kabla ya kuwaondoa, wala si baada ya kuwaondoa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba barabara za lami huwafaa zaidi wenye magari, ilhali mikopo ya kuzijenga hulipwa kwa jasho la mkulima. Onyo hilo halijachakaa. Mwenye baiskeli wa Utende amechangia lami hii, naye anastahili sehemu yake. Na wazee wetu walitufunza chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka.

Tunawataka TANROADS, Halmashauri, askari wa usalama barabarani na serikali ya kijiji waketi pamoja, wapime sehemu za hatari, na kuliingiza jambo hili katika bajeti ijayo. Nao wananchi wakiona njia hiyo imejengwa, wailinde. Barabara ya umma isimamiwe kwa manufaa ya umma.